Jiwe la Nyuma ya Sanamu

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Huku tunasukuma siku. Mama yako mzima, anakusalimu. Mimi kifua kimejaa vumbi la mawe. Daktari amekata tamaa, nami najifanya sijamwelewa.

Nasikia mnara wa hekalu unalojenga umefika kileleni na ukumbi umeshatiwa nguzo. Hongera, ingawa nguzo husimamishwa na yeyote. Nina ombi moja tu. Kabla sanamu haijawekwa, niingie chumba cha mungu nizipapase kuta zake. Unajua mwenyewe: kuhani akishakitakasa, hakanyagi fundi humo tena, hata aliyekijenga. Nitajie siku. Sitaliona hekalu jingine.

Baba yako

15 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, ila kazi imenikaba koo. Pole na kifua. Kuhani atakitakasa chumba Jumapili ya mwisho wa mwezi. Njoo Jumamosi asubuhi, utaingia peke yako.

Mwanao

9 Aprili

Shikamoo Baba,

Natumaini ulifika salama. Mama anasema tangu urudi huongei. Basi nakwambia mimi: nilijua ibada ya kutakasa ni Ijumaa, si Jumapili. Jumamosi nilikuona ukumbini umeshika viatu vyako, kuhani akikuzuia mlangoni, nami nilikuwa nyuma ya nguzo.

Ujana wangu wote wewe ulinichongesha tembo wa ukuta wa nje. Chumba cha ndani ulisema si cha mikono kama yangu, nikabaki mlangoni na ndoo ya maji. Nawe umeonja mlango. Sijuti.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata. Umenikomoa barabara, na hilo nalo ni ufundi.

Siku ile pazia la mlango lilipofunguliwa, nilichungulia nilichoweza. Kazi safi. Ila jiwe moja nyuma ya sanamu, karibu na sakafu, umelilaza kichwa chini. Jiwe hukaa ukutani kama lilivyokaa mlimani. Ukiligeuza, linachanika taratibu kwa uzito wa mnara. Ungeniita mapema tungelitoa pamoja, sanamu haijawekwa. Sasa lipo kwa kuhani, naye mawe hayajui.

Baba yako

11 Juni

Shikamoo Baba,

Hali yako? Nimeandika tena na tena, hujibu. Silali. Kila pazia likifunguliwa najipenyeza mbele ya watu na kunyoosha shingo. Taa ni ndogo, dirisha hakuna, na sanamu inaziba ukuta wote wa nyuma. Sioni jiwe lolote. Nimemsihi kuhani aniruhusu niingie kidogo tu, akaniambia nirudi nyuma ya kizingiti. Nimewauliza mafundi nani alililaza, kila mmoja anakana, na sasa wananiangalia vibaya.

Nakuomba neno moja, Baba. Uliliona kweli, au umelitunga?

Mama anasema barua zangu unazisoma zote, kisha unacheka mpaka unakohoa.

Mwanao