Risasi Tano za Alkhamisi

Alkhamisi. Na yule muuza bunduki wa mjini Ibra hajui kitu! Kanionyesha bunduki ina kitako cha plastiki. Wa sukuni, soko la mji wa Nizwa, ndiye mtu: kwanza kahawa na tende, ndipo bunduki. Huyo ndiye atanitengenezea bunduki ya marehemu baba, nicheze nayo na kuiringia kwenye harusi ya mjukuu wangu.

Binti yangu Zuwena kakataa. "Baba, kwanza tuone kama macho bado yapo. Ukikosa, bunduki inabaki kabatini."

Kanipeleka jengo la kulengea shabaha, ndani ya nyumba, baridi kama friji. Shabaha ndani ya nyumba! Sisi tulilenga mawe juu ya jabali.

Nikapiga tano. Karatasi yangu safi kama kanzu ya Idi. Bibi aliyesimama kando yangu naye kapiga tano, karatasi yake ina matundu kumi.

"Mashaallah, mzee," kanambia, "ahsante kwa msaada."

Zuwena kacheka mpaka kakaa chini, kisha kachukua ufunguo wa kabati.

Macho yamekwisha, sifichi. Hata hapa naandika herufi kubwa kama ngamia.

Basi harusini nitacheza na bakora. Bakora haihitaji kulenga, na hapo hapana wa kunishinda, mkoa wa Sharqiyah mzima.