Kanawe Miguu Kwanza

Binamu yangu Hamisi,

Hodi. Najua huitikii, lakini nimlilie nani? Bawabu uliyeniwekea kwenye laptopu amekufa, na maneno yako amekwenda nayo.

Unakumbuka tulivyoanza ule mfumo wa kukatia tiketi za boti za Mbwera na Kiongoroni, sebuleni kwa mama yangu hapa Kibiti? Mama akawaambia majirani kwamba tunaandika kodi, akimaanisha maagizo ya kompyuta. Watu wakadhani tumeajiriwa kutoza ushuru, wakaacha kupita mlangoni kwetu. Tulicheka mpaka ukapaliwa na chai.

Mimi na mpangilio wapi na wapi! Mstari mmoja umeingia ndani, mwingine umetoka nje, mabano popote. Ukachoka kunisafishia. Ukaichukua laptopu yangu, ukaweka kiprogramu kidogo ndani ya Git, pale panapotunzwa kila badiliko la kodi, ukakiita bawabu. Tangu hapo, kila nikitaka kuhifadhi kazi, anaikagua kwanza. Ikiwa imepangika, anaandika, "Karibu ndani." Ikiwa imevurugika, anairudisha kwa maandishi mekundu: "We binamu, unaingia na matope ya shambani? Kanawe miguu kwanza!"

Lo, nilivyokutukana siku ile! Ukanijibu, "Ndiyo kazi ya binamu hiyo. Nani mwingine atakusema?"

Ulipougua ukatutoka, nilishindwa hata kukutania msibani kama inavyotupasa. Niliporudi kazini nikaandika ovyo, na wewe ukanisema vilevile. Hapo ndipo nilipolia. Basi nimeishi hivyo, Hamisi. Nikikukumbuka sana, navuruga mstari makusudi ili unifukuze.

Juzi nikitoka Mbwera tulipigwa na mvua mtoni, maji yakajaa begini. Fundi wa pale stendi akaifungua laptopu, akatikisa kichwa. Kodi haikupotea, ilikuwa kwenye seva, nimeivuta yote kwenye mashine mpya. Bawabu hakuja. Nilisahau kwamba yeye habebwi na kodi, anabaki kwenye mashine alikowekwa. Nimembembeleza fundi ajaribu tena, ajaribu tena, mpaka sasa hapokei simu zangu.

Wenzangu wananiambia, "Si umwandike upya tu? Mistari yenyewe michache." Naweza. Maneno ninayo yote kichwani. Lakini nitakuwa najitania mwenyewe, na mtu hajitanii mwenyewe, Hamisi. Nifanyeje? Niambie basi, nifanyeje?

Leo asubuhi nimeandika ukurasa mzima vurugu tupu, mabano yamelala chali, nikabonyeza kuhifadhi. Nikasubiri.

Imepita. Nimeingia na matope yangu mpaka chumbani, na hakuna aliyenifukuza.

Binamu yako,
mwenye miguu michafu