Usukani wa Baba Mkwe

Alhamisi, 3 Aprili
Chai ya tatu tangu asubuhi na bado tumefungwa gatini. Baba mkwe anakagua kamba nilizokwisha kuzikagua. Miaka thelathini aliendesha boti za kuvuta meli bandarini Mombasa. Yoti nimekodi mimi, maelekezo nimepewa mimi, sahihi nimetia mimi. Usukani kashika yeye. Siku nne kwenye Mto Hawkesbury, na mke wangu Zuhura katikati yetu, akitabasamu kama mwenye jino bovu.

Shida naijua. Tulioana hapa Sydney, mzee akaarifiwa kwa simu. Sikwenda kuposa. Mwezi mzima nyumbani kwetu Ingleburn ameniita "huyu bwana", kamwe si Mwakio. Jumatano anarudi Mombasa. Nataka radhi yake kabla hajapanda ndege. Basi.

Ijumaa, 4 Aprili
Tumepita chini ya daraja la reli. Mzee kasema dogo. Kila kitu hapa ni kidogo, au baridi, au hakina chumvi. Nilipika samaki. Kamwambia Zuhura, si mimi, kwamba hawakuiva.

Nimechoka kuwa mpole. Kazini ghalani nasimamia watu kumi na wawili. Humu siwezi hata kusema, Baba, punguza mwendo. Kwetu mkwe hakosolewi, na mimi tayari nina kosa moja kubwa.

Jumamosi, 5 Aprili
Nina hasira. Na mzee kidogo, na nafsi yangu sana.

Maji yalikuwa yanapwa. Kipima kina kikaonyesha mita mbili, kisha moja na nusu. Kwenye kona ile pana fungu la mchanga. Mwenye boti alilizungushia kalamu nyekundu kwenye ramani. Mzee akaikata kona. Nikakohoa. Nikamuuliza kama angependa kahawa. Nikaisogeza ramani karibu na mkono wake, akaweka kikombe juu yake.

Tukakwama. Zuhura alikuwa anapanda ngazi, akaanguka, akachanika kiwiko. Ana mimba ya miezi mitano. Anasema mtoto anacheza, hana neno. Yeye ni nesi, anajua.

Tangu adhuhuri hadi magharibi tumekaa mchangani kungoja maji, boti imeinama upande, kila mtu na kona yake. Yalipojaa, mzee hakugusa usukani. Aliniuliza kama fungu nililiona. Nikasema niliona. Tangu wapi? Tangu kwenye ule mti mweupe.

"Binti yangu yumo humu," akasema. "Na mjukuu wangu. Ukaninyamazia kwa heshima?"

Nikaenda kushusha nanga.

Jumapili, 6 Aprili
Tumegeuza. Asubuhi nilikuta ufunguo wa injini kando ya kikombe changu. Zuhura anasema si yeye aliyeuweka.

Nimeendesha mimi. Mzee alikaa mbele na ramani mapajani, akinisomea kina kila baada ya muda. Tulipofika kwenye kona ile nilimwambia asogee, ananizibia. Nilisema hivyo hivyo, bila Baba, bila tafadhali. Akasogea.

Mvua nyepesi gatini. Alishuka wa kwanza, akapokea kamba.

"Mwakio," akasema, "leta na ya nyuma."

Nikamrushia.