Vali ya Kufunga kwa Mkono

Jumanne, 6 Agosti

Jirani kaleta habari kutoka kazini. Burtsev, mkuu wa wasanifu wa chombo, ameiambia tume ya uchunguzi kwamba marehemu mume wangu Rodya “alishikwa na butwaa.” Kwamba walipokuwa wakirudi kutoka kituo cha angani na hewa ikaanza kuvuja, kazi ilikuwa ndogo tu: kuzungusha kishikio, kufunga vali kwa mkono.

Butwaa! Rodya aliyemtoa nyuki kwenye nywele zangu kwa vidole viwili, akiniimbia nisitikisike.

Burtsev ndiye aliyeyaondoa mavazi ya hewa, yale ya kumwokoa mtu hewa ikivuja, ili kiti cha tatu kienee. Rodya alimwomba humu humu jikoni kwangu, kwa adabu, angalau ya kushukia. Akacheka, mdomo umejaa kabichi yangu: “Mimi ningeshuka na kaptura!” Mzaha huo kaurudia kila mahali.

Namchukia. Nimeliandika. Halitoshi.

Ijumaa, 9 Agosti

Arobaini ya Rodya. Ngano ya asali, chapati nyembamba. Mbele ya picha, glasi yake ya vodka na kipande cha mkate mweusi juu.

Burtsev alikuja na nishani zote. Akaninong’oneza, “Shemeji Klava, usibishane na tume. Nyumba hawatakunyang’anya, nitahakikisha.” Kisha akasimama kumkumbuka marehemu — na akagonga glasi yake kwenye ya jenerali! Arobaini, anagonga glasi kama harusini! Mkewe, Raisa Lvovna, akamfinya.

Hapo woga ukanitoka. Nikamwuliza jenerali, mkuu wa tume, wote wakisikia: vali hiyo, Gennadi Arkadyevich Burtsev anaweza kuifunga?

“Kwa mkono wa kushoto,” Burtsev akajibu yeye.

“Basi aifunge. Kwenye kile chumba chenu mnachokinyonya hewa yote. Na mikanda yote kifuani. Bila vazi.”

Jenerali akamgeukia. “Umesikia, Gena? Kaptura unayo?”



Jumatatu, 12 Agosti

Jenerali kapiga simu. Jaribio ni keshokutwa, daktari atakuwepo. Burtsev amekubali, maana akikataa atakuwa amemsafisha Rodya kwa kinywa chake mwenyewe. Mimi niliyeomba ndimi ninayeweza kulifuta. Nikisema basi, ni basi.

Nimelala usingizi mtamu mchana kutwa. Mara ya kwanza tangu msiba.

Jumatano, 14 Agosti

Raisa Lvovna kaja kabla sijanywa chai. Hata poda hakupaka. Moyo wa Gena ni mbovu, kasema, anawaficha madaktari. Vidonge anamezea chooni.

“Klava, mwenzangu, atafia mle.”

“Akiri basi.”

“Humjui? Atakufa kabla hajakiri!”

“Wangu alikufa hata hakuulizwa.”

Akalia. Nikampa leso, na ilikuwa ya Rodya, sikuwa nimeifua. Nikajuta. Harufu yake ile ilikuwa yangu peke yangu.

“Simu hiyo hapo ukutani,” akasema. “Neno moja tu.”

Gari la jenerali limepiga honi chini. Nimevaa koti, nimeketi. Naye akatulia, pengine akidhani nalainika. Kisha akauona mkoba magotini pangu. Kwetu kila mtu hukaa hivi kidogo kabla ya safari.

Naandika, naye amenishika mkono wa koti.

Honi tena.

“Usiinuke, Klava,” anasema. “Usiinuke.”