Kufuli Isiyofunga

Alhamisi, Februari 2014. Baridi ya leo inauma hadi kwenye meno.

Leo nimesema hapana.

Mimi ni karani wa kumbukumbu za wagonjwa katika kliniki moja hapa mjini Maplewood. Kwa kuwa nilisomea kompyuta, hupewa kazi ya kujaribu programu mpya. Ya sasa ndiyo itakayotuwezesha makarani wote kutumia mafaili yaleyale kupitia mtandao. Iliandikwa kwa ajili ya Linux, mfumo mmoja wa kuendeshea kompyuta. Kaka Mose, mtaalamu wetu wa kompyuta, anaihamishia FreeBSD, mfumo unaotumika hapa kliniki. Mifumo hiyo yote ni ya ukoo wa Unix, lakini ndugu hawafanani kwa kila kitu.

Kaka Mose ndiye aliyenitafutia kazi hii. Tunasali kanisa moja, na kila asubuhi hunipitia nyumbani kwangu Champlin kwa gari lake, maana mimi sina. Ndiyo sababu niliogopa kusema nilichokiona.

Karani akifungua faili, programu inatakiwa kulitia kufuli ili mwingine asiandike juu yake. Sehemu hiyo ilimshinda Kaka Mose kuihamisha, akaifanya ijibu tu "limefungwa". Haifungi chochote. Nilimbuni mgonjwa, nikalifungua faili lake kwenye kompyuta mbili. Kwenye ya kwanza niliandika kwamba penisilini inamdhuru. Kwenye ya pili, iliyokuwa bado na nakala ya zamani, nikabadilisha anwani yake na kuhifadhi.

Penisilini ikafutika.

Leo mkutanoni meneja aliuliza kama tutaanza kuitumia programu Jumatatu. "Tuko sawa," akasema Kaka Mose. Nikajisikia nikisema, "Hapana. Hatuko sawa." Nikaeleza yaliyoipata penisilini. Meneja akasema kesho asubuhi nimwonyeshe, kisha ataamua.

Kaka Mose alinifuata kwenye korido.

"Wewe dada, si mimi ndio nilikuleta hapa? Sasa unani-embarrass mbele ya boss?"

"Ulinileta nijaribu, kaka. Nimejaribu."

"Haya. Kesho uji-drive basi, si wewe ni mjuaji."

Gari sina, na anajua.

Nimeogopa watu wengi tangu nifike nchi hii, lakini mgonjwa yule akiwa mtu kweli, woga wangu utamsaidia nini?

Kesho nitasimama nje na buti zangu kama kawaida. Akipiga honi, nitamwamkia na kuingia. Asipokuja, nitapanda mabasi, hata yakiwa matatu, nifike nimechelewa na masikio yameganda.

Nitafungua kompyuta zote mbili.