Kitambaa Nilichokikunja Ndani

Dada yangu,

Huku salama. Cherehani imepata mkanda mpya, na shemeji yako bado anakoroma kama mashine ya kusaga.

Zile sare za shule nilizokwambia zimenibana miezi yote hii hazikuwepo. Nisamehe. Kile kiuvimbe cha mkononi, nilichodhani kimetokana na kujichoma sindano kazini, kilikuwa saratani ya ngozi, ya aina adimu. Walikikata, kisha nikawekewa dripu za dawa kila baada ya wiki tatu. Nywele zilipukutika zote. Shemeji yako naye akanyoa zake, sasa kichwa kama yai.

Nilikonda, mara tatu nikalipunguza lile gauni ulilonipa. Kila mara shemeji yako aliniambia, "Si ukate hicho kitambaa kinachozidi? Kitakukwaruza." Sikukata. Nilikikunja ndani, nikashona.

Jana daktari alitazama picha, akasema ugonjwa hauonekani popote. Nirudi baada ya miezi mitatu. Nilifika nyumbani nikala sahani mbili. Leo asubuhi nimechukua wembe, nimefumua mshono wa kwanza wa lile gauni.

Ni mimi mdogo wako,
kichwa kigumu yule yule