Teke la Mzee wa Bugarama

Shikamoo Mama. Huku Bugarama mvua haijakatika tangu asubuhi na koti langu jeupe limegeuka rangi ya udongo, lakini leo natembea kifua mbele.

Zahanatini alikuja mzee aliyeanguka na baiskeli yenye mkungu wa ndizi. Miguu ilikuwa na ganzi. Nilimwamkia, nikamgonga goti kwa kile kinyundo chetu cha kupima kama mguu utaruka wenyewe. Mguu kimya. Nikarudia, kimya. Daktari anayenisimamia akashika kalamu aandike rufaa, akihofia mishipa ya fahamu imeumia.

Nikampapasa paja. Gumu kama jiwe!

“Mzee, unauzuia mguu?”

“Nauzuia, mwanangu. Umeniamkia vizuri hivyo, halafu nikupige teke?”

Nikamweleza kuwa teke hilo si lake: habari hutoka gotini hadi uti wa mgongo na jibu hurudi hapo hapo, bila kungoja ruhusa ya kichwa. Akacheka, lakini paja halikulegea. Basi nikamwambia afungamanishe vidole na kuvuta mikono kwa nguvu. Alipokazana na mikono akalisahau paja, nikagonga. Mguu ukaruka, ukanipata gotini! Wa pili vilevile.

Daktari akaweka kalamu chini. “Nani alikufundisha kushika paja kwanza?”

“Mama yangu,” nikasema. “Yeye hamkamui ng'ombe kabla ya kumpapasa.”

Mzee anakuomba radhi kwa kumpiga mwanao. Msamehe, Mama. Sijawahi kupigwa teke nikaringa nalo namna hii.

Akupendaye,
Adela